Watoto wa Mapango ya Elgon

Ndani ya Kitum, pango linalozama takriban mita 200 kwenye ubavu wa Mlima Elgon, kuna ufa mrefu unaopasua sakafu ya mwamba. Chini ya ufa huo ilionekana mifupa ya tembo wachanga. Tembo wa mlima huu wana desturi ya kuingia pangoni usiku kutafuta chumvi, na humo gizani macho hayana kazi. Mama hutangulia akipapasa njia kwa mkonga. Ndama hufuata akimgusagusa asimpoteze. Anayepotoka hatua chache hutumbukia.

Mzazi anayepanga kutoka Kachibora kuwapeleka wanawe Elgon angefaa akisikie kisa hicho kabla ya kuuliza nauli. Safari yenyewe si ngumu: ni kushuka hadi Kitale, kushika njia ya Endebess, kisha kulikabili lango la Chorlim. Watoto wa Kachibora wamezoea milima, maana ya Cherangany wamelala nayo mgongoni tangu kuzaliwa. Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ni mlima wa namna nyingine kabisa. Ni volkeno iliyozimika, nayo mapango yake yamechimbika katika majivu na mawe ambayo volkeno hiyo ilitapika mamilioni ya miaka iliyopita, kisha yakashikana yakawa mwamba. Majivu hayo yaliifunika misitu ilikokuwa imesimama. Ndiyo sababu mtu akimulika kuta za Kitum kwa tochi huona magogo yaliyogeuka mawe, na hakuna mtoto atakayehitaji kuelezwa mara mbili kwamba huo ulikuwa mti.

Mwamba huo una chumvi, hasa ya sodiamu. Juu mlimani mvua ni nyingi, nayo huisafisha chumvi kutoka udongoni, hata majani wanayokula wanyama yakakosa ladha na nguvu hiyo. Basi tembo huja kuifuata pangoni. Huuvunja ukuta kwa pembe, wakaokota vipande kwa mkonga na kuvisaga kwa magego. Nyati, mbawala na wengineo huja baadaye kulamba kilichosazwa. Mwanabiolojia Mwingereza Ian Redmond aliwafuatilia tembo hawa kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980, na picha zao wakiwa ndani ya giza zikazunguka dunia nzima.

Karne moja kabla yake, mwishoni mwa mwaka 1883, Mskoti Joseph Thomson alifika upande wa kusini wa mlima baada ya kuipita nchi ya Wamaasai. Alikuta vijiji vizima vikiwa ndani ya mapango: vibanda, ng'ombe, moshi, watu wazima na watoto. Alistaajabu, kisha akakosea. Aliona mapango ni makubwa mno kuwa kazi ya maji, na wenyeji aliwaona duni mno kuwa wachimbaji, akahitimisha kwamba yalichimbwa zamani za kale na taifa jingine lililostaarabika. Kumbe wachimbaji alikuwa akipishana nao msituni. Mwaka 2006 wataalamu wa mapango Joyce Lundberg na Donald McFarlane walieleza kwamba maji ndiyo yaliyoanzisha mashimo, kisha tembo wakayapanua kwa pembe, kizazi baada ya kizazi. Watu nao walitia mkono wao. Alama za zana zao za chuma zimo kutani pamoja na mikwaruzo ya pembe, kwa kuwa wafugaji waliubangua mwamba uleule wakawapa ng'ombe wao.

Hao walioishi mapangoni ni Wakony, tawi mojawapo la Wasabaot, na jina la Elgon lenyewe huhusishwa nao. Hawakuingia humo kwa kukosa akili ya kujenga. Nyanda zilizo chini ya mlima zilikuwa njia ya wavamizi wa mifugo, na pango lilikuwa ngome isiyoungua. Mlangoni walisimamisha ua wa magogo manene, wakaacha upenyo mdogo. Jioni ng'ombe waliingizwa wote, ukafungwa. Ndani kulikuwa na ukavu, joto la mifugo na moto wa kupikia uliopaka dari masizi. Mapango mengine, kama Makingeny, yana maji yanayoporomoka mbele ya mlango. Kwa mtoto aliyezaliwa humo, mwamba ndio uliokuwa paa, zizi na kiwanja cha kuchezea, na mpaka wa giza aliufahamu kama mtoto wa pwani anavyofahamu mahali bahari inapogeuka kina.

Kilichowatoa hakikuwa adui wa mikuki. Serikali ya kikoloni ilitaka watu wakae mahali pa wazi, wahesabike na kulipa kodi ya kibanda. Kwenye nyanda za Trans Nzoia, ambako mifugo yao ilikuwa ikilishwa, walowezi wa Kizungu walipimiwa mashamba, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Inauma kufikiri kwamba watu walioweza kustahimili uvamizi wa miaka mingi waling'olewa na daftari la kodi.

Baada ya uhuru mlima ukapata mwenyewe mwingine. Mwaka 1968 eneo la kilomita za mraba 169 upande wa Kenya lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mapango ya Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha yakawa ya kutazamwa. Miaka michache tu mbele, majangili wa pembe waliwapunguza tembo vibaya. Kati ya 2006 na 2008 mapigano ya wanamgambo, na kisha operesheni ya jeshi iliyoitwa Okoa Maisha, yalizitesa familia za mlimani, nao wageni wakaadimika.

Kuna jambo jingine lililowafukuza wageni, na hilo linamhusu mtoto moja kwa moja. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kutembelea Kitum. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki, mwenye umri wa miaka 15, aliingia pango hilohilo akiwa likizoni na familia yake. Naye akafa kwa ugonjwa huohuo. Watafiti wa jeshi la Marekani walipiga kambi pangoni mwaka 1988, wakapima wanyama na wadudu, wasikione kirusi. Kilipatikana katika popo wa matunda wa Kimisri aliyenaswa Kitum mwaka 2007. Popo wa aina hiyo hulala kwa maelfu kwenye mapango na migodi ya Afrika, na mwaka 2008, mbali na Elgon, magharibi mwa Uganda, mtalii wa Kiholanzi alifariki baada ya kuingia Pango la Chatu lililojaa popo wa jamii hiyo.

Kwa hiyo mzazi mwenye busara huwaonyesha wadogo mlango wa pango, ambako mwanga bado unafika na mwamba unaonekana vizuri, naye vilindi vyenye popo huviacha. Kinyesi cha popo hakishikwi. Mikono huoshwa kabla ya chapati kutolewa mfukoni. Askari wa hifadhi huulizwa kwanza njia ipi imefunguliwa na tembo wameonekana wapi, kwani hii bado ni nyumba yao.

Wenye watoto wadogo sana wanaweza kuanzia Kitale mjini. Jumba la makumbusho la hapo lilitokana na mlowezi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanza kukusanya wadudu na ndege akiwa mtoto, akafungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Aliyausia taifa, na mwaka 1974 yakafunguliwa upya kwa umma. Uani kuna nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya jamii za magharibi mwa Kenya, na mtoto huruhusiwa kuinama akaingia.

Kisha, siku nyingine, Elgon. Pale mlangoni mwa Kitum, kwenye kimo cha bega la mtu mzima, mikwaruzo ya pembe imepita ubavuni mwa mwamba. Ukishuka kwa macho utaikuta mingine chini yake, mifupi na isiyo na kina, inayomfikia mtoto wa miaka mitano kifuani.