Sura ya Takwimu na Historia Iliyo Nyuma Yake: Idadi ya Watu na Uchumi wa Japani, 1920–2020

Takwimu za nchi iliyoendelea aghalabu huwasilishwa kama picha iliyosimama. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, Japani ilikuwa na watu wapatao milioni 126.1, na asilimia 28.6 kati yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Wastani wa umri wa kuishi ulizidi miaka 87 kwa wanawake na 81 kwa wanaume, na uchumi wa nchi hiyo ulikuwa wa tatu duniani kwa ukubwa. Takwimu hizo ni sahihi, lakini hazijielezi zenyewe. Insha hii inadai kwamba ustawi wa miaka ya 1960 na mkwamo uliofuata mwaka 1990 haviwezi kueleweka kwa kutenganishwa, kwa kuwa vyote viwili vimefungamana na safari ya kizazi kimoja kutoka utotoni hadi uzeeni.

Sensa ya kwanza ya kisasa nchini Japani ilifanyika mwaka 1920 na kuhesabu watu wapatao milioni 56. Badiliko kubwa lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kati ya mwaka 1947 na 1949, walizaliwa watoto wapatao milioni 2.7 kila mwaka. Kizazi hicho kilikuja kuitwa dankai, yaani donge, kutokana na riwaya ya Taichi Sakaiya iliyotoka mwaka 1976. Wimbi hilo lilikatika ghafla. Kiwango cha uzazi kilishuka kutoka watoto 4.54 kwa mwanamke mwaka 1947 hadi 2.04 mwaka 1957. Sheria ya mwaka 1948, iliyorekebishwa mwaka 1949, iliruhusu utoaji mimba kwa sababu za kiuchumi, na familia nyingi zilizokuwa katika dhiki ziliitumia. Sheria hiyohiyo ilihalalisha ufungaji uzazi wa lazima kwa watu wenye ulemavu. Vifungu hivyo havikufutwa hadi mwaka 1996, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba vifungu hivyo vilikiuka katiba. Ingawa si ufungaji huo uliosababisha kushuka kwa uzazi, ni dhahiri kwamba jedwali la kiwango cha uzazi halioneshi nani aliamua kwa hiari na nani aliamuliwa.

Matokeo ya kiuchumi yalionekana baada ya miaka kumi na mitano. Kizazi cha dankai kilipoingia katika soko la ajira, kilikuwa na watoto wachache wa kulea na wazee wachache wa kutunza. Vijana waliomaliza shule wakiwa na miaka 15 walisafirishwa kwa treni maalumu kutoka vijijini hadi viwanda vya Tokyo na miji mingine. Waajiri waliwaita mayai ya dhahabu. Mwaka 1960, serikali ya Hayato Ikeda ilitangaza mpango wa kuongeza pato la taifa maradufu katika miaka kumi, na lengo hilo lilifikiwa kabla ya muda. Kufikia mwaka 1968, Japani ilikuwa imeipita Ujerumani Magharibi. Umri wa watu peke yake haukuleta mafanikio hayo: elimu, akiba za kaya, teknolojia kutoka nje na soko la Marekani vilikuwa na nafasi kubwa. Hata hivyo, vyote hivyo viliikuta nguvukazi changa na nyingi.

Katika mazingira hayo, mwaka 1961, Japani ilikamilisha mfumo wa bima ya afya na pensheni kwa raia wote. Mwaka 1950 kulikuwa na watu 12 wa umri wa kufanya kazi kwa kila mzee mmoja. Kufikia mwaka 2020 walibaki wawili tu. Ahadi iliyotolewa na jamii ya vijana ilikuja kulipwa na jamii ya wazee.

Mkwamo ulipoanza, chanzo chake cha karibu kilikuwa cha kifedha. Baada ya makubaliano ya Plaza ya mwaka 1985, thamani ya yeni ilipanda, riba ikashushwa, na bei za ardhi na hisa zikapaa. Faharasa ya Nikkei ilifikia kilele mwishoni mwa Desemba 1989, kisha ikaporomoka, na benki zikabaki na mikopo isiyolipika. Idadi ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64 nayo ilifikia kilele mwaka 1995, ikiwa takribani milioni 87.

Mambo haya mawili yalikutana katika maisha ya watoto wa kizazi cha dankai. Waliozaliwa kati ya mwaka 1971 na 1974, takribani milioni mbili kwa mwaka, walitarajiwa kuleta wimbi la tatu la uzazi. Badala yake, wengi walimaliza masomo wakati kampuni zilipopunguza ajira za kudumu. Walipata kazi za muda, wakachelewa kuoa na kuolewa, au hawakufanya hivyo kabisa. Mwaka 2005 kiwango cha uzazi kilishuka hadi 1.26, na wimbi la tatu halikutokea. Hapa uchumi uliathiri idadi ya watu, kama idadi ya watu ilivyokuwa imeuathiri uchumi hapo awali.

Sensa ya mwaka 2015 ilikuwa ya kwanza tangu 1920 kuonesha upungufu wa watu. Deni la serikali lilikuwa limezidi mara mbili ya pato la taifa, na kodi ya matumizi, iliyoanza kwa asilimia 3 mwaka 1989, ilifikia asilimia 10 mwaka 2019 ili kugharimia hifadhi ya jamii.

Hivyo basi, mtafiti anayelinganisha pato la jumla la Japani na la nchi nyingine bila kuzingatia idadi ya watu wenye umri wa kufanya kazi huweza kudhani kwamba wafanyakazi wake wamezembea, ilhali waliopungua ni wafanyakazi wenyewe. Asilimia 28.6 ya mwaka 2020 inajumuisha watoto wa 1947, vijana wa treni za viwandani na walipakodi wa miaka ya ustawi, ambao sasa wanadai haki waliyoahidiwa mwaka 1961.