Kazi ya Hiari na Sheria Yake

Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa. Walisema pia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtu akiyaweka maneno haya mawili pamoja ataona fumbo. Ikiwa afanyaye kwa hiari humshinda afanyaye kwa kulazimishwa, na ikiwa watu wa hiari ni wengi, wala hapana awezaye kumwamuru mwenziwe, chombo chao kitafikaje bandarini? Insha hii yaeleza habari za jumuiya moja iliyokutana na fumbo hilo, na namna ilivyolifumbua.

Kompyuta haifanyi kazi ila kwa maagizo yaliyoandikwa, nayo maagizo hayo huitwa programu. Programu nyingine huuzwa, na maandishi yake hufichwa kama dawa ya mganga. Nyingine huachwa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma maandishi yake, kuyatengeneza na kuwagawia wengine. Tarehe 16 Agosti 1993 kijana wa Kimarekani, Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, alitangaza nia ya kukusanya programu za namna hii ya pili, pamoja na kiini kiitwacho Linux, ziwe mkusanyo mmoja uwezao kuendesha kompyuta nzima. Aliuita Debian, akiunganisha jina la Debra, aliyekuja kuwa mkewe, na jina lake mwenyewe. Hakuwa na mshahara wa kumpa mtu. Aliwaalika wapendao.

Namna ya kugawana kazi ilikuwa nyepesi. Mkusanyo uligawanywa katika mafurushi, na kila furushi likapata mtunzaji wake. Mtunzaji aliweza kukaa nchi yoyote, akafanya kazi usiku au mchana kwa kadiri ya nafasi yake, wala hakuwa na haja ya kuonana na wenziwe uso kwa uso. Haba na haba hujaza kibaba. Toleo la Juni 1996 lilikuwa na mafurushi 474. Lile la Julai 1998 lilikuwa na zaidi ya 1,500, na watunzaji zaidi ya 400.

Walakini wingi una mashaka yake. Furushi la mtu mmoja liliweza kuliharibu la mwingine, na kila mmoja akadai kwamba njia yake ndiyo sawa. Nani angeamua? Hapo mwanzo neno la mwanzilishi lilitosha, lakini mwaka 1996 Murdock alimwachia uongozi Bruce Perens, na jumuiya haikuweza tena kutegemea heshima ya mtu mmoja. Mnamo Julai 1997 ilipitisha Mkataba wa Jamii, ikiahidi kwamba mkusanyo utabaki huru na kwamba kasoro zake hazitafichwa. Kisha, Desemba 1998, Ian Jackson alipokuwa kiongozi, ilipitisha Katiba.

Katiba hiyo ina neno liwezalo kumshangaza msomaji. Yasema kwamba haimlazimishi mtu yeyote kuifanyia jumuiya kazi. Asiyetaka kufanya kazi aliyopewa ana haki ya kuiacha. Bali yakataza jambo moja: mtu asifanye kazi ya kuyapinga maamuzi yaliyofikiwa kwa njia ya haki. Basi sheria hii haikuufunga mkono usiotaka kufanya. Iliufunga mkono utakao kuharibu.

Kiongozi huchaguliwa kwa kura kila mwaka. Aweza kukabidhi madaraka kwa wajumbe, mathalani wale wapokeao wanachama wapya. Lakini mjumbe akisha kuamua, kiongozi hana ruhusa ya kulitangua neno lake. Watunzaji wakigombana juu ya ufundi, shauri huenda mbele ya Kamati ya Ufundi, ambayo wajumbe wake hawazidi wanane. Kamati hiyo yaweza kumshinda mtunzaji katika jambo lake ikiwa tu wanaokubali ni mara tatu ya wanaokataa. Na juu ya wote hao iko kura ya wanachama wenyewe.

Sheria hujulikana thamani yake siku ya ugomvi. Toleo la Juni 2005 lilitoka baada ya kungojewa karibu miaka mitatu. Ili toleo lililofuata lisichelewe, mwaka 2006 baadhi ya wanachama, kiongozi akiwa miongoni mwao, walichanga fedha ili wawalipe wasimamizi wawili wa matoleo waifanye kazi hiyo kwa muda wao wote. Nia ilikuwa njema, lakini iliwachoma wengi. Kwa nini wawili walipwe na mamia wafanye bure? Baadhi yao walipunguza bidii, na kura ikapigwa ya kumwondoa kiongozi. Kura hiyo ilishindwa, naye akabaki. Toleo lililokusudiwa Desemba 2006 lilitoka Aprili 2007. Hapo ilionekana kwamba mtu wa hiari hana mshahara wa kukatwa, na kwa hiyo kumvunja moyo ni hasara isiyolipika kwa fedha.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 2014. Jumuiya ilipaswa kuchagua programu ya kuamsha huduma zote kompyuta inapowashwa. Kamati ya Ufundi iligawanyika nusu kwa nusu, na mnamo Februari kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua kuchagua programu iitwayo systemd. Miongoni mwa walioshindwa alikuwamo Ian Jackson, yule yule aliyekuwa kiongozi Katiba ilipopitishwa. Hakuvunja Katiba. Alileta shauri mbele ya wanachama wote, wakapiga kura. Na aliposhindwa tena, Novemba mwaka ule ule, alijiuzulu katika Kamati. Wengine wasioridhika waliuchukua mkusanyo huo, kama ruhusa yake iliyo wazi inavyowapa haki, wakaanza wao wenyewe uitwao Devuan. Walipoteana marafiki, na uchungu ulikuwapo. Lakini hapana aliyechoma nyumba ili mwenziwe asilale.

Murdock alifariki Desemba 2015, na chombo alichokiunda hakikuzama. Toleo la Juni 2023 lilikuwa na mafurushi zaidi ya 64,000. Juu ya msingi wake yamejengwa makusanyo mengine mengi, na mojawapo, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, lilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, naye akaliita Ubuntu, neno lililo ndugu wa neno letu utu.

Nasi tukianza chama, iwe cha shule au cha kijiji, aghalabu twauliza kwanza nani atakuwa mwenyekiti. Watu wa Debian wametufundisha maswali yaliyo bora: nani ataamua tukitofautiana, atakayeshindwa atakwenda wapi, na aliyechoka atautuaje mzigo pasipo aibu? Chama chenye majibu ya maswali hayo kimekwisha kulifumbua fumbo la wahenga. Manahodha wake ni wengi, nacho hakiendi mrama.