Viungo vya ndani ya seli: siri ya muhogo wa Katavi na mwili wa mlaji

MUHOGO unaochimbwa katika mashamba ya Mkoa wa Katavi na mtu anayekula ugali wake huonekana kuwa viumbe wasiofanana kwa lolote. Hata hivyo, wote wawili wamejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli mna viungo vidogo viitwavyo oganeli, vinavyogawana kazi kama vile moyo, ini na mapafu vinavyogawana kazi za mwili.

Kuvifahamu viungo hivyo si jambo la mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani peke yake. Elimu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini muhogo mchungu usioandaliwa vizuri unaweza kumlemaza mtu au kumuua, na kwa nini njia za jadi za kuuandaa zina manufaa.

Seli ni nini?

Jina la seli lilitolewa mwaka 1665 na Mwingereza Robert Hooke, alipotazama kipande cha gome kwa hadubini na kuona vyumba vidogo vilivyopangana. Mwaka 1831, Robert Brown alikipa jina kiini, baada ya kukiona katika seli za mimea.

Seli nyingi za wanyama zina upana wa mikromita 10 hadi 30, yaani sehemu 10 hadi 30 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Za mimea huweza kufikia mikromita 100.

Viungo vilivyomo katika seli zote mbili

Seli ya mmea na ya mnyama huzungukwa na utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani yake mna ute, na humo ndimo oganeli zinamofanyia kazi.

Kiini huhifadhi vinasaba, ambavyo ndivyo maelekezo ya ujenzi wa mwili. Ribosomu huyasoma maelekezo hayo na kuunda protini. Protini nyingi hupitia mtandao wa mifereji uitwao retikulamu, kisha hupelekwa kwenye kiungo kilichoelezwa mwaka 1898 na Mtaliano Camillo Golgi. Huko hukamilishwa, hufungashwa na kutumwa zinakohitajika.

Mitokondria ndizo zinazotoa nguvu. Hutumia oksijeni kuchoma chakula polepole, na nguvu inayopatikana huendesha karibu kila kazi ya seli. Kwa sababu hiyo, seli zenye kazi nzito huwa na mitokondria nyingi. Misuli ya mabawa ya mbung'o, mdudu anayeeneza malale na anayepatikana katika mapori ya miombo ya Katavi, imejaa mitokondria. Kinyume chake, chembe nyekundu za damu ya binadamu zilizokomaa hazina kiini wala mitokondria, hivyo nafasi yake hubaki kwa ajili ya kubeba oksijeni.

Seli za wanyama zina pia lisosomu, zilizogunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955. Hivi ni vifuko vya vimeng'enya vinavyosaga mabaki na vijidudu vilivyomezwa na seli.

Mmea una nini cha ziada?

Seli ya mmea ina vitu vitatu ambavyo seli ya mnyama haina au hainavyo kwa kiasi hicho. Cha kwanza ni ukuta mgumu nje ya utando, ambao husaidia mti kusimama bila mifupa. Cha pili ni kloroplasti, zenye rangi ya kijani, ambazo hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni kutengeneza sukari. Kloroplasti hazimo katika seli zote za mmea; mzizi uliofukiwa ardhini hauna kazi nazo.

Cha tatu ni vakuoli, mfuko mkubwa wa maji unaoweza kuchukua hadi asilimia 90 ya nafasi ya seli iliyokomaa. Vakuoli ikijaa, jani husimama imara. Maji yakipungua, jani hunyauka. Mfuko huo ni ghala pia. Wekundu wa majani machanga ya miombo, unaopamba misitu kabla ya mvua, hutokana na rangi iliyohifadhiwa humo. Nikotini ya tumbaku, zao la biashara la siku nyingi Mpanda, hutengenezwa katika mizizi na kuwekwa akiba katika vakuoli za majani ili kuwafukuza wadudu.

Sumu ya muhogo

Muhogo nao hujilinda kwa njia hiyo. Katika vakuoli zake mna kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikiwa peke yake hukaa bila kutoa sumu. Kimeng'enya cha kuivunja kimewekwa mbali nayo, katika ukuta wa seli. Panya au mdudu anapotafuna, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sumu ya sianidi hutoka.

Sianidi hiyo ikiingia mwilini hulenga mitokondria. Huzuia kimeng'enya kinachopokea oksijeni, hivyo seli hukosa nguvu ingawa damu imejaa oksijeni. Kiasi kikubwa huua. Ulaji wa muda mrefu wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, pamoja na upungufu wa protini, huleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Mlipuko wake ulitokea Tarime katika miaka ya 1980, wakati wa ukame.

Namna ya kujikinga

Siri ni kuzipasua seli mapema, kabla ya chakula kufika mdomoni. Kuloweka kwa siku kadhaa, kuvundika, kuparaza na kutwanga huvunja vakuoli, kimeng'enya hufanya kazi yake, na sianidi hutoka kama hewa au huondoka na maji. Kukata vipande vikubwa na kuvianika tu hupasua seli chache, hivyo sumu nyingi hubaki.

Kuchemsha peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Joto huua kimeng'enya, lakini linamarini hubaki na huweza kuvunjwa na bakteria tumboni.

Unga unaotiliwa shaka huweza kulowanishwa kwa maji, ukatandazwa katika tabaka lisilozidi unene wa sentimita moja, na kuachwa kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha ukapikwa siku hiyo hiyo. Kula pamoja na maharage, samaki au nyama huupa mwili salfa ya kuondolea sumu iliyobaki.