Pompi ya bustani: waya gani, na umeme ukatwe wapi

Kiangazi kikianza mwezi wa 6, wakaaji wengi wa Uvira na tambarare ya Ruzizi wanatafuta pompi ya umeme ya kuvuta maji kisimani, juu lenga-lenga na nyanya zisikauke. Pompi ya nyumbani ya wati 750 inakula ampea 5 ao 6 ikizunguka, lakini sekunde ile ya kuwaka inaweza kufika 30.

Hapo ndipo waya mwembamba unaponyesha ubaya wake. Kisima kikiwa mita 50 toka nyumba, waya wa shaba wa milimita mraba 1,5 unapoteza volti 7 hivi pompi ikizunguka, na karibu 35 wakati wa kuwaka. Kama umeme wa mtaa umeshashuka kwa 180, moteri inanguruma tu bila kuzunguka, inapata moto, inaungua. Waya wa 4 unapunguza upotevu huo kwa zaidi ya nusu.

Lakini moteri inanunuliwa ingine; mtu, hapana. Waya wa kijani na manjano, ule wa tere, mafundi wengine wanaukata wakisema hauna kazi. Ufungwe kwenye pompi na kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa udongoni. Dijonkteri diferansieli ya miliampea 30 iwekwe nyumbani, mwanzo wa laini. Kifungo chake chenye T kibonyezwe kila mwezi. Umeme usipokatika, ibadilishwe.

Na mwenye kutoa pompi kisimani azime dijonkteri kwanza, hata kama mtaa mzima uko giza: umeme unaweza kurudi mikono ingali ndani ya maji.