Malta: Ukodishe Ndai ama Upande Basi?

Unaenda likizo Malta na hujui kama utakodisha ndai? Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu kama kilomita 27 tu, na basi za umma zinafika karibu kila kona. Ukilala Valletta ama Sliema, ndai itakuwa mzigo: jam ni noma na pakingi ni ya kutafuta. Lakini ukitaka kuzurura Gozo, chukua ya siku moja. Feri huibeba kutoka Ċirkewwa kwa dakika kama 25. Wanaendesha kushoto kama kwetu, so hapo uko fiti. Kabla usaini, uliza watashikilia doo ngapi kwa kadi yako, na upige video ya kila mkwaruzo. Ukisahau, utalipia makosa ya mwingine.