Rehema Yazuia Mkono, Neema Yafungua Mlango



Leo twataka kuyatazama maneno mawili ambayo tumezoea kuyatamka kwa pumzi moja: rehema na neema. Je, ni kitu kimoja? La. Rehema ni kutopewa adhabu tuliyostahili. Neema ni kupewa mema tusiyostahili. Mdeni akifutiwa deni lake amepata rehema. Akiketishwa mezani pa yule aliyemdai, akaitwa mwana wa nyumba, hiyo ni neema. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alirudi akitafuta kazi ya kibarua. Rehema ingalimpa kazi hiyo. Neema ilimvika pete.

Haya si maneno ya mimbarani tu. Hapa kwetu Eldoret yamepimwa kwa moto.

Mji wetu si wa zamani sana. Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka wa 1908, na mji ukaanza kwenye shamba nambari 64, ndiyo sababu wazee wakauita Sisibo. Lakini nchi ile ilikuwa na wachungaji wake wa mifugo kabla ya walowezi. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi ya walowezi yaliuzwa, na miongoni mwa walionunua walikuwamo Wakikuyu waliotoka Mkoa wa Kati. Huyu akasema, nimenunua kwa jasho langu. Yule akasema, hapa ni kwa babu zangu. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na wanasiasa wakajua kulitumia.

Uchaguzi ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, fujo zikalipuka. Siku ya Mwaka Mpya, 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, karibu na mji, walizingirwa na kundi la vijana, na kanisa likatiwa moto. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto wa Kikuyu. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 17 waliteketea kanisani, na wengine 11 walifia njiani au hospitalini. Katika nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100.

Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia watu wanne walioshtakiwa kwa ajili ya Kiambaa, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Wapendwa, hapo tusichanganye mambo. Mtu ambaye kosa halikuthibitishwa juu yake hupewa haki yake ya kisheria, wala hiyo si neema. Neema hulitazama kosa usoni na kulitaja kwa jina lake, ndipo husamehe. Pasipo kweli hakuna cha kusamehewa. Ndiyo maana lilikuwa jambo jema kwamba mwezi wa Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande za siasa. Petro alikwisha kutuonya kwamba hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu.

Sasa tuitazame rehema ikitenda kazi. Siku zile za moto, Askofu Cornelius Korir wa Kanisa Katoliki, yeye mwenyewe Mkalenjin, aliwapokea maelfu ya waliokimbia katika uwanja wa kanisa lake kuu hapa mjini, wengi wao Wakikuyu. Hakuwa wa madhehebu yetu. Lakini Msamaria naye hakuwa wa hekalu la Yerusalemu.

Mwezi wa Mei 2008 serikali ilianza kuwarudisha watu makwao. Lori liliweza kumrudisha mtu shambani pake, lakini halikuweza kumrudishia jirani. Hapo ndipo ilipohitajika neema. Askofu huyo na wenzake waliwakutanisha watu polepole: kwanza kila jamii peke yake, kisha wachache wa huku na wachache wa huko, kisha wakala pamoja. Baadaye wakatafuta kazi ya kuwafaa wote, kama barabara, shule au josho la ng'ombe. Alieleza njia hiyo katika kitabu chake, Amani Mashinani. Alifariki Oktoba 2017.

Mwaona tofauti? Rehema ilizuia mkono usiue. Neema ilifungua mlango, jirani akaingia tena.

Lakini tusiifanye neema kuwa kitu rahisi. Tusimwendee mama aliyempoteza mtoto Kiambaa tukamwambia, "Samehe upesi, wewe ni Mkristo." Aliyechoma hana ruhusa ya kumdai msamaha aliyechomwa. Neema haidaiwi; ikidaiwa si neema tena. Hata sisi hatukuidai Kalvari.

Na wewe unayesikia, je, umeketi chini ya mabati ya jirani aliyefukuzwa? Wakamua ng'ombe usiyemnunua? Mkumbuke Zakayo. Bwana hakungoja arudishe mali ndipo aingie nyumbani mwake. Aliingia kwanza, na Zakayo akaahidi kurudisha mara nne. Kurudisha si bei ya neema, ni tunda lake. Lakini mti usiozaa tunda, twautilia shaka.

Natuombe. Ee Baba, ulizuia mkono wako usituangamize, ukatufungulia mlango wa nyumba yako. Wafariji wanaolia hata leo. Wape walioficha kosa ujasiri wa kulitaja. Nasi utufanye majirani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.