Miwani Ilipopata Kipimo

Kwa karne nyingi miwani iliuzwa Ulaya kama kofia: mnunuzi alijaribu moja baada ya nyingine hadi aone nafuu. Mwaka 1623, Benito Daza de Valdés alichapisha mjini Sevilla kitabu kilichotaka lenzi zipangwe kwa daraja za nguvu. Wachuuzi hawakubadilika haraka.

Mwingereza George Airy, mtaalamu wa falaki, hakungoja wachuuzi. Jicho lake la kushoto liliona nukta ya mwanga kama mstari. Alitoboa karatasi ngumu kwa pini, akaisogeza mbele na nyuma, akapima jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 alieleza lenzi aliyotengenezewa Ipswich, yenye uso mmoja uliopinda kama tufe na mwingine kama silinda. Kasoro hiyo ya jicho huitwa astigimatizimu, na hadi leo hurekebishwa kwa lenzi za kanuni hiyo.

Madaktari nao walikuwa na taabu yao: kila mmoja alisomesha wagonjwa maandishi yake, hivyo matokeo ya mji mmoja hayakulingana na ya mji mwingine. Mwaka 1862, Herman Snellen wa Utrecht, Uholanzi, alitoa chati yenye herufi zilizochorwa kwa hesabu. Ukisimama mita 6, herufi ya mstari wa 6/6 ina urefu wa karibu milimita 9. Mwenye 6/60 anahitaji mita 6 kusoma herufi ambayo jicho zima huisoma kwa mita 60. Sasa daktari yeyote aliweza kuelewa cheti cha mwenzake, na hilo ni jambo kubwa.

Hata hivyo, chati huonyesha tu kwamba jicho halioni vizuri. Haisemi lenzi ipi inafaa. Mwaka 1872 Ferdinand Monoyer alipendekeza dioptri, kizio cha nguvu ya lenzi. Mwaka uliofuata Mfaransa mwenzake, Cuignet, alieleza jinsi mwanga unaoelekezwa jichoni kwa kioo unavyotembea ndani ya mboni. Mpimaji huweka lenzi mbele ya jicho, akibadilisha hadi mwendo huo ukome. Mtoto asiyejua kusema hupimwa hivyo. Anayeweza kujibu huulizwa: ya kwanza au ya pili? Lenzi hupanda au kushuka kwa robo dioptri, na neno lake ndilo huamua.

Nchini Kenya, chati imeingia kwenye simu. Programu ya Peek, iliyojaribiwa Nakuru, huonyesha herufi E iliyogeuzwa, na mtu huelekeza mkono inakotazama. Katika utafiti wa shule za Trans Nzoia uliochapishwa mwaka 2018, walimu waliitumia kupima wanafunzi, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa walifika hospitalini, dhidi ya 22 katika shule zilizotumia njia ya kawaida. Huko ndiko walikopimwa upya, kwa lenzi.